Sura ya Saba: Jeshi la Hannibal Mezani

Tarehe 2 Agosti mwaka 216 KK, kwenye tambarare ya Cannae kusini mwa Italia, Hannibal wa Carthage alilizingira jeshi kubwa la Roma na kulimaliza kabla ya jua kuchwa. Polybius, Mgiriki aliyeiandika habari hiyo miongo kadhaa baadaye, ameeleza mengi: idadi ya askari, mpangilio wa safu, mwendo wa wapanda farasi. Katikati ya maelezo hayo amechomeka jambo ambalo msomaji wa kawaida hulipita tu. Anasema Waiberia wa Hannibal walivaa kanzu fupi za kitani zenye pindo la zambarau, na Waselti waliopangwa pamoja nao walikuwa uchi.

Kuna watu ambao maneno hayo machache yamewanyima usingizi. Hao ni watu wanaomiliki jeshi la Hannibal. Wanalo kabatini au chini ya kitanda, ndani ya maboksi, askari mmoja mmoja wa bati, wa risasi au wa plastiki, urefu wake milimita 28 kutoka unyayo hadi usawa wa macho. Wamewanunua wakiwa watupu, bila tone la rangi, na sasa wameketi na brashi mkononi wakijiuliza: zambarau gani? Ile nzito inayokaribia weusi, iliyokamuliwa kwenye konokono wa bahari huko Tiro na kuuzwa kwa bei ya vito? Mamluki wa kawaida angeipata wapi? Au ni nyekundu iliyokolea, hii tunayoiita damu ya mzee, ambayo huenda Mgiriki aliiita kwa jina hilo hilo? Mwandishi wa kitabu anaweza kulinakili neno la Polybius akaendelea na safari yake. Mpaka rangi hana ruhusa hiyo. Lazima achovye brashi kwenye kichupa hiki au kile.

Wengi huuona mchezo wa majeshi madogo kuwa utoto wa watu wazima, na sikatai kwamba utoto umo. Lakini nimeutengea sura nzima kwa sababu ni moja ya njia chache za kusoma historia zinazomfungia mtu milango yote ya kukwepea.

Tuanze na hesabu, maana huu ni mchezo wa hesabu kabla haujawa wa mishale. Polybius anawapa Warumi wa Cannae askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi zaidi ya 6,000. Hannibal alikuwa na askari wa miguu zaidi kidogo ya 40,000 na wapanda farasi 10,000. Kanuni maarufu za Kiingereza za mwaka 1969, ambazo nitazirudia mbele, zilihesabu kijisanamu kimoja kuwa askari 20. Kwa kipimo hicho Warumi wa miguu peke yao wanahitaji vijisanamu 4,000. Mpe kila mmoja nusu saa tu ya brashi, ambayo si nyingi, na umefika saa 2,000. Mtu anayepaka saa mbili kila jioni akitoka kazini, asiugue wala asiende harusini, atamaliza karibu miaka mitatu baadaye, na hapo bado hajamgusa Mkarthage hata mmoja.

Ndiyo maana mchezo huu una vipimo vingi. Wapo askari wa milimita 6, ambao hupangwa kwa mamia na kutazamwa kwa mbali. Wapo wa 10 na wa 15. Wapo wa 28, ambao ndio wapenzi wa brashi. Na wapo wa 54, ambao kwa kawaida hukaa kwenye kabati la kioo, hawaendi vitani. Kipimo unachokichagua kinakuambia wewe ni mtu wa namna gani. Anayependa ujanja wa jemadari huchukua wadogo. Anayependa pindo la kanzu huchukua wakubwa, kisha analalamika kwamba meza haitoshi.

Anayeanza, hata hivyo, karibu kila mara hununua tembo kwanza. Baadaye ndipo hugundua kwamba Cannae hakukuwa na tembo vitani. Hannibal aliuvuka mto Rhône akiwa nao 37, lakini baridi ya kaskazini mwa Italia iliwamaliza karibu wote katika majira ya kwanza. Mwenye kumtaka tembo hana budi kwenda kwenye vita vya Zama, mwaka 202 KK, ambako Hannibal aliwapanga zaidi ya 80 mbele ya safu zake na akashindwa.

Basi tumtazame tembo huyo akipakwa rangi. Huja vipande vipande: mwili nusu mbili, masikio, mkonga, pembe, na mwendeshaji wake mahali pembeni. Unavikata kwa kisu, unalainisha mishono kwa tupa na msasa, unaviosha kwa maji ya sabuni kwa sababu mafuta ya kiwandani huikataa rangi, kisha unaunganisha kwa gundi. Mshono wa mgongoni ukibaki wazi, utauona kila siku ya maisha yako, kwa hiyo unauziba. Halafu praima nyeusi, mwili mzima. Ikikauka, unampaka kijivu kilichochanganywa na rangi ya ugoro, na unaacha weusi ubaki kwenye mikunjo ya ngozi. Kisha brashi kavu: unachovya kidogo, unaifuta kwenye kitambaa mpaka inakaribia kuisha, ndipo unaipitisha juujuu. Matuta ya ngozi yanashika rangi, mabonde yanabaki na kivuli, na kipande cha plastiki kinaanza kuwa mnyama. Pembe hazipakwi nyeupe. Zinaanza na ugoro kwenye shina na kupauka kuelekea nchani. Kucha, jicho, vumbi miguuni, vanishi isiyong'aa, kazi imekwisha.

Hapo kwenye rangi ya tembo, naomba niseme jambo kwa niaba ya msomaji wa Afrika Mashariki. Tembo wengi wa vitabu vya mafunzo wamepakwa kijivu safi, kijivu cha tembo aliyeogeshwa kwenye bustani ya wanyama. Aliyepita barabara ya Mombasa kwenda Nairobi akawaona tembo wa Tsavo anajua kwamba tembo wa porini huvaa udongo wa mahali anapoishi. Wa Tsavo ni wekundu. Tembo aliyetembea siku nyingi na jeshi angekuwa na rangi ya njia aliyopita, na mpaka rangi anayeanza kwa kuuliza udongo wa pale ulikuwaje amekwisha kumzidi mwenye kichupa kilichoandikwa kijivu.

Swali linalofuata ni la mnara. Maduka hupenda kumuuza tembo wa Carthage akiwa na mnara mgongoni na wapiga mishale ndani yake, kwa kuwa unapendeza. Lakini sarafu zilizopigwa Hispania wakati wa ukoo wa Hannibal zinamwonyesha tembo wa Kiafrika, masikio mapana, mgongo uliobonyea, na yumo anayebeba mwendeshaji tu, bila mnara. Tembo hao walitoka Afrika ya Kaskazini, walikuwa wadogo kuliko wa savana yetu, na leo wametoweka kabisa. Wachezaji wamebishana juu ya mnara huo kwa miongo na bado wanabishana. Mimi naegemea upande wa sarafu.

Kwa Warumi mambo ni magumu zaidi, ingawa watu hudhani ni rahisi. Kila mtu anajua Mrumi alivaa nyekundu, si ndiyo? Sinema zimetuambia. Polybius mwenyewe anatuambia mengi kuhusu Mrumi wa enzi yake: ngao ndefu iliyofunikwa ngozi ya ndama, manyoya matatu ya zambarau au meusi yaliyosimama juu ya chapeo, ngozi ya mbwamwitu kichwani mwa vijana warusha mikuki midogo. Rangi ya kanzu hakuiandika. Ngao ya Kirumi ya mstatili iliyotufikia na michoro yake, yenye tai, simba na uwanja mwekundu, ilichimbwa Dura-Europos nchini Syria na sasa iko Chuo Kikuu cha Yale. Ni ya karne ya 3 BK, zaidi ya miaka 400 baada ya Cannae. Wapanda farasi Wanumidia wa Hannibal nao, waliopanda bila tandiko wala lijamu, hupakwa kwa kutazama wapanda farasi wa Afrika ya Kaskazini waliochongwa kwenye nguzo ya mfalme Traiano mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113 BK. Hesabu miaka iliyo katikati. Kila jeshi dogo unaloliona limepambwa vizuri mezani limeshonwa kwa viraka vya karne tofauti, na mpaka rangi mwaminifu anajua kila kiraka kilikotoka.

Binadamu ametengeneza askari wadogo tangu zamani sana. Kwenye kaburi la Mesehti huko Asyut, Misri, la karibu miaka 4,000 iliyopita, walikutwa askari wa mbao wa vikosi viwili: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40 wenye pinde. Hawalingani urefu, na ngao za Wamisri hazifanani madoa, kana kwamba fundi alitazama watu halisi. Hao hawakuwa wa kuchezea. Walimsindikiza bwana wao ahera. Askari wa kuchezea walioenea Ulaya walikuwa wale bapa wa Nuremberg, Ujerumani, waliosubiwa kwa bati kwenye kalibu za mawe, na kiwanda cha Heinrichsen kikaufanya urefu wa milimita 30 kuwa kipimo cha kawaida katika karne ya 19.

Kanuni za mchezo zilitoka kwingine. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prussia aitwaye von Reisswitz alitoa mchezo wa kufundishia maafisa, wenye ramani, vipande vya kusogeza, dadu, na majedwali ya kuhesabu hasara. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, akachapisha Little Wars, ambamo watu wazima hulala kifudifudi sakafuni wakilenga askari wa bati kwa mizinga midogo ya springi inayorusha vijiti. Aliyeangushwa amekufa. Wells aliona vita vya sakafuni ni bora kuliko vile vya kweli, na mwaka uliofuata vile vya kweli vikaja.

Kanuni ya Wells haina msaada kwa mwenye jeshi la Hannibal. Cannae hakuna mzinga. Ukuta wa mikuki ukikutana na ukuta wa ngao, utajuaje nani amerudi nyuma? Swali hilo lilishughulikiwa Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, miaka ya 1950. Tony Bath alikuwa na majeshi ya kale ya bati bapa, na aliyaandikia kanuni. Rafiki yake Donald Featherstone, aliyeishi kwa kutibu viungo vya watu, wakiwemo wachezaji wa mpira, alizichapa kanuni hizo kwenye kitabu chake War Games cha mwaka 1962. Mwaka 1965 Bath alianzisha Society of Ancients, chama cha wapenzi wa vita vya kale, chenye jarida liitwalo Slingshot. Mwaka 1969 kundi la Phil Barker, Wargames Research Group, likatoa zile kanuni za kijisanamu kimoja kwa askari 20.

Ng'ambo ya Atlantiki tawi jingine lilichipua, na ndilo lililozaa matunda mengi zaidi. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za majeshi ya Zama za Kati, na mwishoni wakaongeza kurasa za wachawi na mazimwi kwa waliochoka na mashujaa wa kawaida. Kutoka kurasa hizo za nyongeza ikazaliwa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Kijana anayecheza leo kwenye simu mhusika mwenye "pointi za uhai" na "kiwango" anakula urithi wa watu waliokuwa wakibishana juu ya deraya za bati, na hajui.

Turudi kwa Barker. Kanuni zake ziliongezeka uzito toleo baada ya toleo mpaka pambano moja likawa kazi ya kutwa nzima, na majedwali yake yalihitaji mtu mwenye subira ya karani wa hazina. Halafu mwaka 1990, pamoja na Richard Bodley Scott, akatoa kitu cha kushangaza: De Bellis Antiquitatis, ambayo kila mtu huiita DBA. Kila upande una vikosi 12 tu. Kikosi ni kitako kimoja, mara nyingi chenye vijisanamu viwili, vitatu au vinne. Jeshi zima huingia kwenye boksi la viatu na pambano huisha ndani ya saa moja.

Siri yake ni dadu moja. Zamu yako ikifika unairusha, na namba inayotoka ndiyo idadi ya amri ulizo nazo. Ukipata sita, jeshi lote linakusikia. Ukipata moja, unaweza kusogeza kikosi kimoja, au safu moja iliyoshikana, basi. Hapo wapanda farasi wako wanaulilia ubavu wa kushoto ulio wazi, katikati Waiberia wanarudi nyuma, na wewe una amri moja. Utamwita nani?

Mcheza bao mzuri hukunja uso akielezwa hili. Kwenye bao kete zote 64 ziko wazi, hakuna bahati, na anayefungwa amefungwa na akili ya mwenzake. Dadu kwake ni kamari. Namwelewa. Lakini jemadari wa kale hakuwa na bao mbele yake. Alikuwa na vumbi, kelele, na mjumbe wa farasi ambaye huenda amechomwa mkuki njiani. Ile moja iliyotoka kwenye dadu ndiyo mjumbe ambaye hakufika, na vita vya kale bila mjumbe huyo ni vita vya uongo.

Sasa mapigano yenyewe. Kikosi cha Kirumi chenye panga kina thamani ya 5 dhidi ya askari wa miguu; Waiberia, wepesi zaidi, wana 3. Kila upande unarusha dadu na kujumlisha. Mrumi akipata 2 ana 7. Mwiberia akipata 1 ana 4. Nne ni pungufu ya saba lakini inazidi nusu yake, kwa hiyo Mwiberia harudi kwenye boksi. Anarudi nyuma kiasi cha kitako chake, safu inapinda, Mrumi anamfuata. Kama Mrumi angepata 3, angekuwa na 8, na nne ni nusu kamili: hapo Mwiberia angekuwa amekwisha. Warumi wanaendelea kusukuma katikati zamu baada ya zamu, wakishinda kila mahali, wakifurahi. Ndipo wapanda farasi wa Carthage wanapofika na kugusa ubavu wao.

Kanuni ya hapo ni fupi. Kikosi kinacholazimika kurudi nyuma huku adui amekibana ubavuni au mgongoni, kimekufa. Hakuna tena hatua ya nyuma. Matokeo yaleyale ya dadu ambayo dakika tano zilizopita yangekigharimu hatua moja, sasa yanakiondoa mezani.

Nimesoma maelezo mengi ya Cannae, yenye mishale na michoro ya mviringo, lakini sijaona yanayoieleza kwa ufupi kuliko kanuni hiyo. Warumi hawakuwa dhaifu kuliko Waiberia. Dadu yao ilikuwa nzuri siku nzima. Walikosa nafasi ya kurudi. Polybius na Livy, mwanahistoria wa Kirumi, wote wanawaeleza wamebanwa mpaka wingi wao ukawa mzigo, na mtu anayeviondoa vitako mezani kimoja kimoja anaelewa maana ya kubanwa kuliko anavyoelewa msomaji.

Mchezo una mipaka yake, na mkubwa ni kwamba mchezaji amekisoma kitabu. Mpange mtu kuwa Mrumi wa Cannae na atakataa kuingia mkenge. Atalinda mbavu, atasimama, atasubiri. Wachezaji wajanja huficha: huyapa majeshi majina mengine, huugeuza uwanja, humwambia mwenzao anaamuru Waajemi, na ukweli hujulikana mambo yakishaiva. Wengine huandika kanuni maalumu inayomlazimisha Mrumi kusonga mbele. Zote mbili ni hila, na hila ya pili siipendi, kwa sababu inampokonya mchezaji lile kosa ambalo lingekuwa lake.

Tembo nao ni mtihani kwa mwandishi wa kanuni. Mnyama aliyeumizwa hachagui wa kumkanyaga. Livy anasimulia kwamba kwenye vita vya mto Metaurus, mwaka 207 KK, waendeshaji wa tembo wa Hasdrubal, ndugu yake Hannibal, walikuwa na patasi na nyundo; mnyama akigeukia jeshi lake mwenyewe, mwendeshaji alimpigilia patasi kati ya masikio, pale shingo inapoungana na kichwa. Mwandishi wa kanuni anayeikumbuka patasi hiyo hawezi kumfanya tembo kuwa kifaru cha vita cha kisasa. Lazima ampe mwenye tembo sababu ya kuwaogopa tembo wake.

Wapo wasomi wanaoyachukulia haya kwa uzito wote. Philip Sabin, aliyekuwa profesa wa mikakati ya kivita King's College London, alichapisha Lost Battles mwaka 2007. Aliyapitisha mapambano mengi ya kale kwenye mfumo mmoja wa mchezo ili kupima madai ya waandishi wa kale. Hoja yake inaeleweka: mwandishi akidai jeshi fulani lilikuwa na idadi fulani, lipange. Kama kwa idadi hiyo vita haviwezi kabisa kwenda jinsi vilivyosimuliwa, kuna mahali pana walakini.

Lakini kuna kitu kimoja mezani ambacho hakuna kanuni iliyokiweza. Kwenye DBA ukipoteza vikosi vinne kati ya 12 kabla ya mwenzako, mmemaliza. Mnapeana mikono na kunywa chai. Katika vita vya kale mauaji makubwa yalikuja baada ya hapo, safu ikishavunjika na watu kugeuza migongo, au kuzingirwa bila njia ya kutokea. Polybius anahesabu Warumi waliouawa Cannae kuwa karibu 70,000. Livy anasema kama 48,000. Hata tukiichukua hesabu ndogo, hao ni watu waliochinjwa kwa mkono, kwa upanga, mmoja baada ya mwingine, mchana mmoja. Mchezo unasimama pale pale kazi hiyo inapoanza. Wengi wanaochagua zama za kale husema kwamba hakuna mjane wa Cannae aliye hai wa kuumizwa na dadu zao, na ndiyo maana hawachezi vita vya karne ya 20. Ni sababu ya heshima. Haibadilishi ukweli kwamba meza inasimulia nusu ya kwanza ya siku.

Orodha za majeshi za DBA huanzia Sumeri karibu mwaka 3000 KK na kuishia karibu mwaka 1500 BK. Mwisho huo unatuhusu, kwa kuwa zama za miji ya pwani ya Waswahili zimo ndani ya kipindi hicho. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake, Abul-Mawahib Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu; anasema pia kwamba alikuwa akienda vitani mara kwa mara bara na kuleta ngawira. Hilo ni jeshi. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliipora Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti, na watu wa Mombasa waliwapokea kwa mishale na kwa mawe kutoka juu ya nyumba. Hilo nalo ni pambano la kupangwa mezani, lenye vichochoro vyembamba na mapaa ya kupigania.

Na anayetaka rangi, ipo. Wareno wa Vasco da Gama walipofika Malindi mwaka 1498 waliandika walichokiona: mfalme amevaa joho la hariri ya mauamaua lililopambwa kwa atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani, ameketi juu ya viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu, mzee mmoja amemshikia upanga mfupi kwenye ala ya fedha, na pembeni wapo wapiga tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Polybius hakutupa hata robo ya hayo kwa Waiberia wake.

Duka la vijisanamu hivi kwetu ni la kutafuta kwa tochi, lakini si lazima mtu alisubiri. Vikosi 12 hukatwa kwenye kadi ngumu. Askari huchorwa pande zote mbili na kusimamishwa kwenye vitako. Bath mwenyewe alianza na askari bapa. Dadu moja, tepu ya fundi, meza ya futi mbili kwa mbili. Msomaji mwenye mkono mwepesi wa brashi na aanze na kikosi cha jemadari wa Malindi: kijani kwenye joho, nyekundu juu ya mwavuli, na siwa mbili nyuma yake. Akifika kwa wapiga mishale wa Mombasa atakwama, kwa sababu mavazi yao itabidi ayatafute, na ayatafute kwelikweli kabla ya kuchovya brashi.